Kosa langu la ukurasa wa 11

Najua nimekuwa kimya. Kuna walioniandikia kuuliza kama nimeolewa, na mmoja akauliza kama nimepata kazi serikalini. Hapana jamani, nipo, Dar es Salaam ileile na joto lake lilelile. Nilikuwa kimya kwa sababu ya aibu. Leo nimeamua kuisema, maana nimeibeba vya kutosha.

Mnakumbuka niliwaambia nimepelekwa Ngorongoro kikazi? Tulikuwa waandishi saba kwenye gari moja. Tulitoka Arusha alfajiri, tukanywa chai Karatu, tukapita lango la Loduare, tukapanda ukingo wa kreta kwenye ukungu mzito mpaka dereva akawasha taa saa tatu asubuhi. Kisha tukateremka upande wa pili, kwenye jua na vumbi, mpaka Oldupai. Pale kijana mmoja wa Kimaasai anayeongoza wageni alituonyesha mmea wenye majani marefu yenye ncha kali. Akasema hiyo ndiyo oldupai, katani pori, na ndiyo iliyolipa korongo jina lake. Wageni wa zamani walisikia vibaya, wakaandika Olduvai, na kosa lao likaenea kwenye vitabu vya dunia nzima. Nilinakili haraka. Nikajua nimepata mwanzo wa makala.

Na kweli nikaanza nao. Makala ilitoka Jumapili, ukurasa wa 11, na picha kubwa ya korongo. Jina langu juu, herufi nzito. Niliinunua nakala nne.

Ili mwelewe kwa nini jina lile lilinifurahisha hivyo, lazima niwarudishe nyuma kidogo. Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimefuatilia habari moja kwa wiki mbili. Nilipanda daladala, nikalala kwa rafiki, nikangoja kwenye benchi za ofisi za watu. Ilipotoka, ilitoka ukurasa wa mbele, na jina lililokuwa juu yake halikuwa langu. Lilikuwa la mkubwa wangu mmoja ambaye mchango wake ulikuwa kuibadilisha aya ya kwanza. Langu halikuwapo hata chini kwa herufi za sisimizi. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kuandika habari ya bei ya vitunguu. Waandishi wenzangu mnaosoma hapa mnaijua hali hiyo, si lazima niwachoree.

Basi Jumapili ile nilikuwa kama nimelipwa deni. Jumatatu jioni simu ikaita. Mjomba, kaka yake mama, mwalimu mstaafu wa historia, anaishi Kondoa. Gazeti humfikia na basi, siku moja baadaye.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Nimekusoma. Umeandika vizuri, na lile jani la katani umelieleza vizuri. Sasa niambie, Mary umemweka wapi?"

"Mary yupi, mjomba?"

Akanyamaza. Mjomba akinyamaza hivyo mnajua kuna mtu atabaki darasani baada ya kengele.

"Umeandika kwamba fuvu la Zinjanthropus liligunduliwa na Louis Leakey. Siku hiyo Louis alikuwa kitandani, anaumwa. Aliyeliona ni mkewe. Miaka thelathini nimewafundisha watoto hivyo, halafu mpwa wangu mwenyewe anaandika vingine gazetini. Tena mpwa wa kike!"

Nikamwambia nitaangalia. Nikakata simu, nikaangalia. Mjomba alikuwa sahihi, na wala halikuwa jambo la siri. Limeandikwa kila mahali. Hata pale kwenye makumbusho ya Oldupai limeandikwa ukutani, na mimi nilipita mbele yake nikiwa nakagua picha zangu kwenye simu. Sentensi ile niliiandika kutoka kichwani, kutoka kwenye kitu nilichokariri darasa la tano, na sikuona haja ya kuihakiki kwa sababu "kila mtu anajua".

Nikaomba kitabu chake cha maisha yake, kile alichokitoa mwaka 1984, kwa rafiki yangu anayesoma Mlimani. Nikakisoma kwa siku nne, nikaongeza na maandiko mengine niliyoyapata. Sasa nikae niwasimulie nilichokipata, maana nadhani wengi wetu tunamjua mama huyu kama "mke wa Leakey" tu.

Alizaliwa London tarehe 6 Februari 1913, akaitwa Mary Douglas Nicol. Baba yake alikuwa mchoraji, na familia ilizungukazunguka Ulaya akichora. Kule kusini mwa Ufaransa binti aliona mapango yenye michoro ya watu wa kale, na akaokota mawe yaliyochongwa zamani sana. Baba akafariki mwaka 1926, Mary akiwa na miaka 13. Mama akampeleka shule za masista. Shule mbili zikamfukuza, na moja ilikuwa baada ya kusababisha mlipuko kwenye maabara ya kemia. Hakuwahi kufaulu mtihani wowote wa shule. Mama yake alipouliza Oxford kama binti angeweza kupokelewa, alikatishwa tamaa. Kwa hiyo dada yetu hana cheti, hana digrii, ana mkono unaojua kuchora tu.

Mkono huo ndio uliomtoa. Alianza kuhudhuria mihadhara ya akiolojia London bila kusajiliwa kwa shahada, akaomba kazi kwenye machimbo, akawa anachora zana za mawe kwa ajili ya vitabu vya watafiti. Mtafiti mmoja mwanamke, Gertrude Caton-Thompson, akampa kazi ya kuchora zana zake za Misri, na kupitia kwake akakutana na Louis Leakey mwaka 1933. Louis alikuwa na mke. Yaliyofuata mnaweza kuyakisia, na magazeti ya udaku ya siku hizi yangekula mwaka mzima. Walioana Desemba 1936.

Lakini kabla ya hapo, mwaka 1935, Mary alikuwa ameshafika Tanganyika. Aliona Oldupai kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 22. Walipita pia Laetoli, kama kilomita 45 kusini mwa pale. Safari hiyo waliokota jino moja, likapelekwa London na kuandikwa kuwa ni la nyani. Lilikaa kwenye droo ya makumbusho zaidi ya miaka 40 kabla ya mtu kutambua kwamba ni la zamadamu. Nilipofika hapo nilipumua kidogo. Kumbe hata mabingwa huandika vibaya, tena kwa miaka mingi.

Kazi za kwanza alizozisimamia mwenyewe zilikuwa Kenya, Hyrax Hill kule Nakuru, kisha Olorgesailie kwenye miaka ya vita ambako aliona mashoka ya mawe yametapakaa ardhini kwa mamia. Mwaka 1948 akapata kisiwani Rusinga, Ziwa Victoria, fuvu la Proconsul, nyani mkubwa wa mamilioni ya miaka. Na mwaka 1951, hapa Mjomba angenipiga nikiruka, alikaa Kondoa akinakili michoro ya miambani, mchoro mmoja baada ya mwingine, kwa karatasi na rangi. Kitabu cha kazi hiyo kilitoka mwaka 1983. Michoro ya Kondoa ikaingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mjomba huwapeleka wanafunzi Kolo kuiona, na kumbe ndiko alikomjulia Mary.

Sasa tufike kwenye siku yangu ya aibu, tarehe 17 Julai 1959. Louis ana homa, kabaki kambini. Mary anatoka na mbwa wake wawili aina ya Dalmatian, wale weupe wenye madoa meusi, anakagua mteremko mmoja wa korongo. Anaona mfupa umechomoza. Anapangusa udongo, anaona meno makubwa yamekaa kwenye taya. Anarudi kambini mbio kumwambia mumewe. Louis akainuka kitandani na homa yake. Inasemekana alipoona meno yenyewe alivunjika moyo kwanza, kwa sababu hayakuwa ya aina ya kiumbe aliyekuwa anamtafuta.

Fuvu lilikuwa limevunjika vipande zaidi ya 400. Mary ndiye aliyekaa akayaunganisha. Louis ndiye aliyelipa jina, Zinjanthropus boisei: Zinj ni jina ambalo Waarabu wa kale waliiita pwani yetu, na Boise ni tajiri aliyefadhili kazi. Mume akazunguka Ulaya na Marekani akihutubia, maana alikuwa na ulimi, watu walijaa kumbi. Mwaka 1961 wanasayansi wa Berkeley wakapima majivu ya volkano yaliyokuwa kwenye tabaka lile wakapata miaka milioni 1.75. Louis mwenyewe alikuwa amekisia kama laki sita tu. Dunia ikashtuka, fedha za utafiti zikaja, na jina lililobaki kwenye vichwa vya watu, pamoja na kichwa changu cha darasa la tano, likawa moja.

Fuvu lenyewe liko hapahapa Dar, limehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa. Napita karibu yake kila wiki nikienda Posta.

Lakini jamani, nilipoendelea kusoma niligundua kwamba hata kusema "Mary ndiye aliyegundua fuvu" ni kumpunja. Fuvu lilikuwa asubuhi moja. Kazi yake hasa ilikuwa kile kilichofuata. Wakati wengi walitafuta mafuvu, yeye alitaka kujua watu wale waliishi vipi. Kwa hiyo alifukua eneo lote lililozunguka fuvu, taratibu, kwa brashi na vifaa vidogo, na kila jiwe na kila kipande cha mfupa kikachorwa mahali pake hasa kilipolala kabla ya kuondolewa. Walipata zana za mawe zaidi ya 2,000 na mifupa ya wanyama zaidi ya hiyo. Kati ya mwaka 1960 na 1963 alifanya hivyo sehemu nyingi za korongo, kwenye matabaka mawili ya chini, halafu akakaa miaka akiandika. Kitabu kilitoka mwaka 1971. Kinaorodhesha mawe, kinapanga aina za zana, kinaonyesha zilivyobadilika kutoka tabaka la chini kwenda la juu. Nimekiona. Si cha kusomea kitandani.

Faida yake ni hii. Mwaka 1981 mtafiti wa Marekani, Lewis Binford, alisema wale zamadamu huenda hawakuwa wawindaji kabisa, huenda walikuwa wanakuja kuokota mabaki baada ya simba na fisi kushiba. Wengine mwaka huohuo wakarudi kwenye mifupa ileile iliyofukuliwa na Mary, wakaiweka chini ya hadubini, wakaona mikwaruzo ya visu vya mawe, na kwenye baadhi pia alama za meno ya wanyama. Ubishi huo umeendelea miaka mingi, nani alifika kwanza kwenye nyama, nani alikula nini. Watu waliweza kubishana kwa sababu kuna mtu aliandika kila kitu, hata vile ambavyo hakujua maana yake. Angeokota fuvu na kuacha mengine, leo tusingekuwa na la kubishania.

Na yeye pia alikosea. Sehemu moja ya korongo alikuta duara la mawe la miaka kama milioni 1.8, akadhani ni msingi wa kibanda au kizuizi cha upepo. Wataalamu wengi sasa wanatia shaka, huenda ni mizizi ya mti iliyovunja mwamba. Na lile Zinj, kwa meno yake makubwa, lilipewa utani wa mvunja kokwa. Mwaka 2011 uchunguzi wa kemia ya meno ya jamii yake ulionyesha kwamba chakula chao kikubwa kilikuwa nyasi na majani ya jamii yake. Zaidi ya miaka hamsini ya utani, kumbe mwenzetu alikuwa anatafuna nyasi.

Louis alifariki Oktoba 1972. Mary alikuwa ameshahamia Oldupai muda mrefu, anaishi kambini na mbwa wake na sigara zake nene. Mwaka 1974 akarudi Laetoli kwa nguvu. Mwaka 1976 watafiti waliokuwa wakitupiana mavi ya tembo kwa mchezo (ndiyo, maprofesa) mmoja akaanguka, na pale chini akaona alama kwenye mwamba. Zilikuwa nyayo za wanyama kwenye majivu ya volkano yaliyoganda. Mwaka 1978 zikaonekana nyayo za zamadamu, wakaendelea kuzifukua mpaka mwaka 1979: mstari wa kama mita 27, viumbe wanatembea kwa miguu miwili, miaka milioni 3.66 iliyopita. Kisigino, upinde wa mguu, kidole gumba mbele pamoja na vingine. Kama nyayo zako ukitoka kuogelea Coco Beach.

Kwa hiyo siku ya tano niliamka na hasira safi. Nikaingia ofisini nikamwambia mhariri tuna kosa, naomba masahihisho. Akasoma, akaegemea kiti.

"Si ni mume na mke hao? Akiona mama, ameona baba."

Chumba kizima kikacheka. Na mimi nikacheka. Hicho cheko changu ndicho kilichoniuma kuliko yote, kwa sababu kilitoka chenyewe, kama cha mtu aliyezoea.

Nikakaa mezani kwangu kama nusu saa. Nikawaza ile habari yangu ya wiki mbili. Nikajiuliza, hivi yule mkubwa wangu siku ile alinifanyia nini ambacho mimi sijamfanyia huyu mama? Yeye alichukua jina langu akijua. Mimi nilifuta la mtu bila kujua. Kwa mwenye jina kuna tofauti? Nikarudi kwa mhariri. Nikamwambia, bosi, mjomba wangu amegundua, na kama mwalimu mmoja wa Kondoa amegundua basi wapo walimu mia mbili wamegundua, wamekaa kimya tu. Hapo akaelewa lugha. Masahihisho yakatoka Jumapili iliyofuata, mistari miwili, ukurasa wa 2, chini ya tangazo la viwanja Kigamboni. Nikampigia Mjomba. Akasema, "Haba na haba, mama."

Ningeweza kuishia hapo na mngenipigia makofi. Tatizo ni kwamba nilikuwa bado nasoma.

Nikafika kwenye ugomvi wa Mary na Donald Johanson. Huyu Johanson ndiye aliyempata Lucy kule Hadar, Ethiopia, mwaka 1974. Mwaka 1978 yeye na wenzake walitangaza spishi mpya, Australopithecus afarensis. Jina linatokana na Afar, Ethiopia, lakini kielelezo rasmi cha spishi hiyo, yaani kile ambacho kila mfupa mwingine hupimwa nacho, ni taya la Laetoli. La kwetu. Mary alikasirika, hakukubaliana na jinsi walivyochanganya mifupa ya nchi mbili zilizo mbali na ya nyakati tofauti, akataka jina lake liondolewe kwenye andiko lile. Likaondolewa. Mtu anaomba jina lake litolewe! Nikampenda zaidi.

Halafu nikajiuliza, na hilo taya, nani aliliokota? Nikatafuta. Liliokotwa mwaka 1974 na Maundu Muluila.

Mlishawahi kusikia jina hilo? Mimi sikuwahi. Alikuwa mmoja wa kikosi cha Wakamba kutoka Kenya waliofanya kazi na Mary miaka mingi. Taya aliloliona yeye ndilo kipimo cha spishi maarufu kuliko zote kwenye vitabu vya asili ya binadamu. Lucy tunamjua mpaka wimbo uliompa jina. Muluila ni nani? Na kwenye zile nyayo za Laetoli, mmoja wa waliozifukua kwa mikono yao ni Ndibo Mbuika. Kamoya Kimeu yeye angalau dunia ilimjua kidogo. Alianza Oldupai kama kibarua mwaka 1960, mwaka 1964 akapata taya la Peninj karibu na Ziwa Natron, mwaka 1984 akaona kipande cha kwanza cha mifupa ya yule kijana wa Turkana, karibu mwili mzima. Alifariki mwaka 2022. Nimeuliza wenzangu watano ofisini, aliyemjua ni mmoja, na ni Mkenya.

Sisemi Mary aliwaficha. Majina haya nimeyapata kwa sababu yameandikwa mahali. Nasema sisi tunaosimulia tena ndio tunaoyapunguza. Kila anayesimulia anapunguza jina moja ili sentensi iende vizuri. Mwisho anabaki mtu mmoja mwenye kofia, amesimama juu ya korongo.

Hapo ndipo nilipokumbuka, nikafungua daftari langu la Ngorongoro.

Kurasa tatu za maelezo ya yule kijana mwongozaji. Oldupai ni nini. Korongo lina kina cha kama mita 90. Tabaka la chini ni jeusi kwa ajili ya nini, lile jekundu ni la tatu. Wazee wao walichunga hapa kabla ya Mjerumani wa kwanza kufika mwaka 1911. Mwanzo wote wa makala yangu, ule uliosifiwa, ulitoka mdomoni mwake. Nikatafuta jina lake kwenye daftari. Halipo. Kwenye makala nilikuwa nimeandika "mwongozaji mmoja". Nilimwacha nje ya hadithi yake mwenyewe, na sikuwa hata na kisingizio cha darasa la tano, maana alisimama mbele yangu saa nzima juani.

Nilimtafuta kupitia dereva. Nikampata jioni. Nikamweleza, nikaomba radhi. Akacheka.

"Dada, ya nini? Mbona kawaida tu."

Hilo "kawaida tu" nimelala nalo siku kadhaa. Lakini baada ya nusu saa ukaja ujumbe kwenye simu: majina yake matatu, kwa herufi kubwa, na chini yake, "kama bado ipo nafasi." Sitayaweka hapa, kwa sababu nimemwahidi yatatoka palepale yalipokosekana, kwenye gazeti. Naandaa makala ya pili, kuhusu Laetoli, na safari hii yumo kwa jina, na Muluila yumo, na Mbuika yumo. Mhariri ameshaniambia majina yamezidi, wasomaji watachoka. Tumebishana mara mbili. Bado sijashinda.

Nitamweka pia Profesa Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye mwaka 2016 yeye na timu ya Watanzania na Wataliano walitangaza nyayo nyingine za Laetoli, hatua chache tu kutoka zile za Mary. Zilionekana wakati wanakagua mahali palipopangwa kujengwa makumbusho. Mmoja wa wale watembezi alikadiriwa kuwa na urefu wa kama sentimita 165, mrefu kuliko mimi. Akiolojia imefundishwa Mlimani tangu mwaka 1985. Kuna watoto wetu wanaochimba sasa, wana digrii zao, wanaandika kwa majina yao. Mwandishi anayesema "wazungu wamegundua" bila kuangalia, kosa ni lake.

Mary Leakey alifariki Nairobi tarehe 9 Desemba 1996, akiwa na miaka 83. Jicho moja lilikuwa limepofuka tangu mwaka 1982. Oxford, ileile iliyomkatisha tamaa mama yake, ilimpa udaktari wa heshima mwaka 1981. Hakuwa mtu rahisi, waliofanya naye kazi wanasema alikuwa mkali na hakupenda maneno mengi. Sidhani kama angenipenda. Angeniuliza kitu kimoja tu: umeliandika pale ulipoliona, au pale ulipodhani lilikuwepo?

Sasa na nyie. Nani alikusaidia kazi mwaka huu na jina lake hulijui? Jibu si lazima uniandikie mimi. Mpigie.

Kwa leo niishie hapa, umeme wenyewe unachezacheza. Mjomba, najua unasoma, mwanafunzi wako wa zamani anakuchapishia. Shikamoo. Kama kuna kosa lingine humu, nipigie kabla ya Jumatatu.